Chakula Kimelipiwa, Bado Mhudumu

Mmenishika nje ya kanisa, vikombe vya chai mkononi, mkaniuliza kwa ule upole wa watu wenye kiu ya udaku: ilikuwaje mkaondoka New Hope watano mkarudi wanne? Kuna aliyesikia kwamba shemeji yangu Obadia alikamatwa Florida. Kuna aliyesikia ameoa. Hakukamatwa, na hakuna mwanamke aliyepatwa na balaa hilo. Nitawaeleza mambo yalivyokwenda, tangu tulipotoka hadi tuliporudi, kisha mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Watano wenyewe mnawajua. Mimi, mke wangu Jerusha, binti zetu Neema na Tabitha, na Obadia, mdogo wake Jerusha wa kuzaliwa tumbo moja. Mambo ya kukodi gari na kununua tikiti za ile bustani ya burudani ya Florida nayaruka, kwa sababu hayo yote aliyafanya Obadia, na kila mtu anayemjua Obadia ameshayasikia kutoka kwake, kwa urefu.

New Hope hadi Savage, ambako si njiani

Mtu anayekwenda Florida kutoka New Hope, huku kwetu Minnesota, huelekea mashariki. Sisi tulielekea kusini, kumchukua Obadia nyumbani kwake Savage. Tulikuwa tumepatana tumkute nje ya mlango. Tulimkuta ndani, anapiga pasi kaptura. Aliipiga mpaka ikasimama mstari mbele kama suruali ya bwana harusi, na sisi garini tukisubiri, injini inanguruma, Tabitha akiuliza kama tumeshafika Florida.

Obadia ni mhasibu wa kampuni moja kule kwenye maghala ya kando ya mto. Bajeti ya safari ilikuwa yake. Petroli alikuwa ameipangia, moteli alikuwa amezipangia, hata mafuta ya kujikinga na jua alikuwa ameyatengea fungu, sisi watu weusi watano. Pesa ya petroli ya kwenda na kurudi tulichanga, akaiweka yeye kwenye bahasha, kwa sababu yeye ndiye anayejua pesa. Ila fungu la chakula lilikuwa tupu, na utupu huo ndio uliokuwa fahari yake.

"Dada, unabeba kuku kumpeleka wapi?" alimwuliza Jerusha alipoona sanduku la barafu. "Chakula kimelipiwa chote. Ni prepaid. Tukifika pale hatutoi hata senti."

"Pale ni pale," Jerusha akasema. "Na njiani?"

"Njiani tuta-manage."

Tulipita karibu na Oakdale, na kabla hatujavuka mto kuingia Wisconsin, mtu wa ku-manage alikuwa ameshika paja la kuku mkono mmoja na chapati mkono wa pili, akitufafanulia kwamba Wakenya wengi huku hawajui kupanga.

Wisconsin hadi Tennessee, na mwanamke aliyempenda Obadia

Sehemu hii sina mengi ya kusema. Wisconsin ni ng'ombe. Illinois ni foleni ya magari na barabara za kulipia, ambazo Obadia alizikwepa kwa kutupitisha katikati ya mashamba ya mahindi mpaka tukachoka zaidi ya walioketi kwenye foleni. Indiana ni mahindi mengine. Kuku aliisha Kentucky, na tulipoingia Tennessee watoto walikuwa wamekataa katakata kugusa tena chapati baridi, kwa hiyo tukasimama kwenye mkahawa wa kando ya barabara kuu.

Mhudumu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alimwambia Obadia, "Utakunywa nini, asali?" Kwa Kiingereza cha kule kila mteja ni asali, ni mpenzi, ni mtoto mzuri. Obadia hakulijua hilo. Alikaa wima, akarekebisha ukosi.

"Shemeji," alininong'oneza, "huyu mama ni kama ameniona."

Aliporudi na mayai akamwita mpenzi. Alipoleta kahawa akamwita moyo wangu. Neema, ambaye ana umri wa kuaibishwa na kila kitu, alijificha nyuma ya menyu. Obadia aliagiza pai asiyoitaka ili mapenzi yaendelee.

Bili ilipokuja, Obadia alihesabu hadi sarafu ya mwisho, akaweka kiasi kilekile kilichoandikwa, kisha juu ya karatasi akaandika kwa Kiingereza kizuri: Mungu akubariki. Basi. Mapenzi yote yakaishia hapo.

Garini Jerusha akasema amesahau skafu. Skafu ilikuwa shingoni mwake. Niliiona, naye aliona kwamba nimeiona, akashuka tu. Kupitia dirisha nilimtazama akirudi mezani, akiinua bakuli la sukari na kuweka kitu chini yake.

Safari ilipoendelea Obadia alitoa mhadhara. Alisema bakshishi, hii ambayo sisi wa huku tunaiita tipu, ni ujanja wa mwenye hoteli kumtwika mteja mishahara ya wafanyakazi wake. "Mimi nikifunga hesabu za mwezi, kuna anayenipa noti? Wewe, shemeji, ukimgeuza mzee kitandani, anakuwekea kitu chini ya sahani?"

Nitasema kweli, maneno hayo yaliniingia. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nimegeuza nusu ya wazee wa kitongoji chetu, nimewaosha, nimewalisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha chochote isipokuwa meno ya bandia. Nikamwambia, "Hapo umesema."

Georgia, tairi, na ndugu wa Bukavu

Tairi lilipasuka Georgia, mahali ambapo joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye lami kama mvuke wa sufuria. Obadia akashuka na kaptura yake yenye mstari, akachukua spana, akaanza kukaza nati badala ya kuzilegeza. Alizikaza kwa bidii kubwa, akitokwa jasho, mpaka hata mimi niliyejua kwamba anakosea sikuweza tena kuzigeuza.

Tukawa tunagombana pale kwa Kiswahili, kwa sauti, ndipo lori kubwa likasimama mbele yetu. Dereva akashuka, mtu mfupi mwenye kifua kipana, kofia kichwani.

"Muko batu ya wapi?" akauliza.

Alikuwa mtu wa Bukavu. Tulipomwambia tunatoka Minnesota alitupa pole, kama vile tumefiwa. Alizipanda zile nati kwa miguu, akarukaruka juu ya spana mpaka zikalia na kuachia, na muda si muda tairi la akiba lilikuwa mahali pake. Obadia akatoa noti. Noti nzuri, ya maana, na aliitoa bila kusita.

"Wacha, ndugu, weka franga yako," yule bwana akasema. "Pneu ni kitu kadogo." Pneu kwao ni tairi. Alikubali mandazi, akala mawili akiwa amesimama, akamsifu Jerusha, akaondoka.

Tulipokuwa tumerudi barabarani Jerusha akauliza, taratibu tu, "Obadia, huyu ulitaka kumpa. Mbona yule mama wa Tennessee hukumpa?"

"Huyu ametusaidia."

"Na yule?"

"Yule alikuwa kazini."

Jerusha akageukia dirisha, akaitazama Georgia yote ikipita.

Florida, na bangili ya miujiza

Bustani yenyewe ni mji wa plastiki wenye foleni. Unapanga foleni ya kuegesha, foleni ya kupekuliwa, foleni ya kupanda kibehewa kinachokutupa huku na huku mpaka unamkumbuka Muumba wako, kisha foleni ya kununua picha yako ukiwa umefumba macho. Getini walitufunga bangili za mkononi, tukafanana na wagonjwa waliolazwa. Ndani ya bangili ndimo chakula chetu kilimokaa.

Mchana tulikwenda kwenye kibanda cha kujihudumia. Obadia akagusisha bangili kwenye kimashine, kikalia tii, kuku na viazi vikatoka. Hakuna aliyedai kitu. Obadia akatutazama mmoja mmoja kama mchungaji baada ya muujiza.

"Niliwaambia nini?"

Jioni tulikwenda kwenye mkahawa wa kukaa mezani, ambao nao ulikuwa ndani ya ule mpango wa chakula uliolipiwa. Humo kulikuwa na mtu aliyevaa vazi la kindi mkubwa wa manyoya, anazunguka akikumbatia watu wakiwa wanatafuna. Mhudumu wetu alikuwa mama wa makamo aliyebandikwa kifuani jina la Darlene. Alitembea kama mtu ambaye viatu vimemgeuka adui, lakini uso wake haukuonyesha. Jerusha alipomwambia kwamba Tabitha hawezi kula karanga, hakuishia kuitikia kwa kichwa tu. Alikwenda jikoni mwenyewe, akarudi na mpishi, wakaulizana mbele yetu, kisha akaleta sahani ya Tabitha kaibeba peke yake, mbali na nyingine, kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Tulikula mpaka tukaegemea viti. Kisha bili ikaja.

Hapa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu kuna baadhi yenu mmeshaanza kuuliza bei ya ule mpango. Bili iliorodhesha kila tulichokula na bei yake, bei za kumfanya mtu atapike kwa heshima. Halafu mpango ukazifuta zote, jumla ikawa sifuri. Halafu chini ya sifuri kulikuwa na mstari mtupu, na pembeni yake mapendekezo: waweza kutoa hivi, au hivi, au hivi. Na mapendekezo hayo hayakupigiwa hesabu kwa ile sifuri. Yalipigiwa kwa zile bei zilizofutwa. Yaani chakula ni bure, ila bakshishi ya chakula cha bure si bure. Mwenye bustani amekusanya pesa zako wakati theluji bado iko mlangoni kwako Minnesota, ameshaila, ameshaisahau, halafu anamtuma mama mwenye miguu inayouma aje kwako na kalamu.

Obadia aliichukua kalamu. Kwenye ule mstari akachora duara, kubwa, la kupendeza, akalitia macho na mdomo unaotabasamu.

Darlene akaitazama, akasema, "Asanteni, muwe na usiku mwema." Sauti yake haikubadilika hata kidogo.

"Mnaona?" Obadia akasema tukitoka. "Hana shida."

Meza ileile

Kesho yake migahawa mingine yote ilikuwa imejaa. Nafasi ilipatikana palepale kwa kindi, na aliyekuja na menyu alikuwa Darlene.

Mimi ningependa angetuchukia. Angetugongea sahani, angesahau maji, nami ningepata nafuu. Lakini alimsalimia Tabitha kwa jina. Alikuwa ameshamwambia mpishi kuhusu karanga hata kabla hatujaketi. Jerusha alikula kidogo sana.

Bili ikaja. Obadia akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Jerusha akawa amemtangulia.

"Leo nitaandika mimi."

"Dada, tusianze. Hiyo pesa iko kwenye bajeti gani?"

"Nitaitoa kwangu."

"Si suala la kwako au kwangu. Ni principle. Mtu akifanya kazi alipwe na mwajiri wake. Hii ni tabia ya kuombaomba, imevalishwa sare tu. Hata Minnesota wahudumu wanalipwa mshahara."

"Minnesota, ndiyo. Hapa sheria yao ni nyingine. Huyu mwajiri wake anampa kidogo, kingine anakitegemea kwetu."

"Basi atafute kazi nyingine! Mimi nimesoma, dada. Sikusomeshwa na tipu."

Jerusha aliweka kalamu chini. Nilijua kuna kitu, maana mke wangu akikasirika huongea haraka, na sasa aliongea polepole.

"Ulisomeshwa na nini?"

"Si chai ya baba? Bonasi ya shamba la chai, ya kila mwaka."

"Obadia. Nusu ya lile shamba baba alilikodisha mama alipougua. Ulikuwa kidato cha pili. Bonasi iliyobaki ilikuwa hainunui hata sare. Mimi nilikuwa nasoma uuguzi kule Saint Paul, na jioni nilikuwa nahudumu mezani. Mshahara ulikwenda kwenye kodi ya nyumba na ada yangu. Yako ilitoka kwenye mfuko wa aproni."

Obadia alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mwenzake naye acheke.

"Ijumaa wateja walikuwa wanakula samaki," Jerusha akaendelea. "Noti zilikuwa zinanuka samaki. Nilizianika dirishani kabla ya kwenda kuzituma, kwa sababu nilimwonea haya yule dada wa kutuma pesa. Kidato cha tatu, cha nne, na chuo kikuu chote, mpaka ukavaa joho. Baba alisema nisikuambie, ati utasoma vibaya ukijua."

Kindi alikuwa amefika mezani kwetu, mikono imetanuliwa tayari kukumbatia. Neema akamwambia kwa Kiingereza, bila kumtazama, kwamba si sasa. Kindi akarudi nyuma kinyumenyume.

"Kwa hiyo wote mlinidanganya," Obadia akasema. "Miaka yote hiyo. Nimesimama mbele za watu nikasema nimesomeshwa na jasho la baba yangu, na wewe umekaa pale unapiga makofi."

"Nilipiga makofi kwa sababu nilikuwa nimefurahi."

Aliinuka, akatoka. Jerusha akaandika kwenye ule mstari kiasi cha jioni zote mbili, na kidogo juu yake. Mke wangu nimeishi naye miaka mingi. Nilijua aliwahi kuhudumu mezani. Ya kwamba pesa zake zilikwenda kwa Obadia, nilikuwa nayasikia siku moja na yeye.

Jinsi wanne walivyobaki

Asubuhi Obadia hakuja bustanini. Alisema tumbo linamsumbua. Tuliporudi moteli alasiri, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na begi halipo. Ujumbe aliokuwa amemtumia Neema ulisema amepata ndege. Tikiti ya kununua siku hiyohiyo, jamani. Kwa bei hiyo angewapa bakshishi wahudumu wote kuanzia hapo hadi Wisconsin, na kindi pia.

Jioni tulirudi kwa Darlene, safari hii kwa kutaka wenyewe. Alitutazama kwa namna ya ajabu.

"Yule ndugu yenu," akasema, "yu mzima?"

Alitueleza kwamba mchana Obadia alikuja peke yake, akaketi kwenye meza yake, akaagiza supu asiinywe. Akamwomba radhi. Kisha akamtilia mkononi bahasha nzima, nono, macho yamejaa machozi. Darlene akaogopa. Mwanamume peke yake, kaptura imepigwa pasi, analia, anagawa pesa zake: alidhani anataka kujidhuru. Akamwita meneja. Meneja akaketi naye, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ana mtu wa kuongea naye, akampa namba ya simu ya watu wanaosaidia wenye huzuni. Kindi naye aliitwa, eti aje amchangamshe.

"Nilitaka kumrudishia," Darlene akasema, "lakini alikimbia."

Jerusha akamtazama Darlene. Mimi nikamtazama Jerusha. Bahasha Obadia alikuwa nayo moja tu.

"Baba Neema," mke wangu akasema kwa Kiswahili, "hiyo ni petroli ya kurudi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka machozi yakageuka ya kweli, na Darlene, masikini, akaangaza macho kumtafuta meneja tena. Jerusha akamshika mkono, akamwambia pesa ni zake, ni halali yake, asirudishe hata moja.

Kurudi

Tulirudi kwa kadi ya mkopo, kituo cha mafuta baada ya kituo, nikikunja uso kila mashine ilipoomba nambari. Bajeti ya mhasibu ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeilia.

Mahali fulani Kentucky, Neema, ambaye tangu aanze shule tunamsemesha Kiswahili naye anajibu Kiingereza, aliegemea mbele kati ya viti vyetu.

"Mama," akasema, "ulikuwa nachoka?"

Sarufi ililala pale barabarani, lakini Jerusha hakuisahihisha. Alimsimulia hadi tukatoka Kentucky: wateja wa Ijumaa, sahani nne kwenye mkono mmoja, mzee aliyekuwa akiacha sarafu zilizopangwa kama mnara. Tabitha aliuliza kama kulikuwa na kindi.

Obadia hakupokea simu. Kanisani hakuonekana, ndipo nyinyi mkaanza kumwoza na kumfunga jela. Baba mkwe alitupigia kutoka Nyamira, Kenya, amechangamka, akatuambia kwamba kijana alimpigia akifoka kuhusu ada. "Nikamwuliza, wewe mhasibu, ulidhani vile vichaka vyangu vya chai vingekufikisha chuo kikuu? Hukuwahi kupiga hesabu?" Alisema baada ya hapo alimsikia Obadia akianza kupiga hesabu kwa kunong'ona, na muda wa maongezi aliulipa Obadia mwenyewe.

Saint Paul

Jumamosi iliyopita alikuja New Hope. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, hakutaka chai. Alimwambia Jerusha, "Dada, nipeleke nikapaone."

Niliendesha mimi. Kaka na dada walikaa nyuma, wakatazama madirisha tofauti hadi Saint Paul. Ule mkahawa haupo tena. Ni kliniki ya meno, kioo mbele, picha kubwa ya mtoto anayecheka. Obadia alishuka akazunguka jengo polepole, kama mtu anayekagua nyumba ya kununua.

"Ulikuwa unatokea mlango gani?"

Jerusha akamwonyesha wa nyuma, karibu na mapipa ya taka.

"Na baridi ya Januari? Nani alikuwa anakuchukua?"

"Basi."

"Kituo kiko wapi?"

Akamwonyesha. Kilikuwa mbali, ng'ambo ya uwanja wa kuegesha magari na barabara pana. Obadia alikitazama. Aliutazama ule uwanja wote, kisha akarudi kukitazama kituo. Jerusha akamgusa kiwiko, akamwambia twende, hapa hakuna kitu.

Mlango wa mbele ukafunguka, akatoka binti wa mapokezi mwenye sare ya buluu, akatuuliza kama tuna miadi.

"Hapana," Obadia akamwambia. "Dada yangu alikuwa anafanya kazi hapa."

Binti akamtazama Jerusha, akatabasamu. "Kwa daktari wetu?"

"Kabla yenu," Obadia akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kusimama mbele za watu. "Alikuwa mhudumu wa mezani. Ndiye aliyenisomesha."